Picha ya nyonga na swali la maji: vipimo vya radiolojia kwa wakazi wa Arusha na maeneo ya Mlima Meru

ARUSHA

Mzee wa miaka 70 kutoka kijiji kimojawapo cha Arumeru anapofika hospitalini akilalamikia maumivu ya kiuno na nyonga yaliyomsumbua kwa miaka mingi, kipimo cha kwanza anachoandikiwa kwa kawaida ni eksirei ya nyonga. Picha ikitoka, mifupa yake inaweza kuonekana myeupe kupita kawaida, kana kwamba imepakwa chokaa. Kwa daktari aliyefanya kazi zake mbali na ukanda huu, weupe wa namna hiyo kwa mwanamume wa umri huo huleta wazo moja la haraka: saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye mifupa. Kwa daktari anayeyafahamu maji ya Mlima Meru, huleta mawazo mawili, na la pili ni floridi.

Kosa katika kuamua kati ya mawazo hayo mawili lina gharama kubwa kwa upande wowote. Mzee anaweza kurudishwa nyumbani akiwa amebebeshwa jina la ugonjwa asio nao, familia ikauza ng'ombe na shamba kutafuta tiba isiyohitajika. Anaweza pia kuambiwa kuwa ni maji tu, kama majirani zake wote, wakati saratani ikiendelea kumla. Mashine inayopiga picha haiwezi kumaliza suala hilo peke yake. Humalizwa na picha iliyosomwa pamoja na historia ya mgonjwa, na katika Mkoa wa Arusha historia hiyo haijakamilika mpaka aulizwe anakunywa maji ya wapi.

Makala haya yanaeleza vipimo vya picha vinavyotumika kutambua matatizo ya kiungo cha nyonga na tishu laini zinazokizunguka, kila kimoja kinaona nini na hakioni nini, na kwa nini mazingira ya Mlima Meru huwataka wagonjwa na watoa huduma kuwa waangalifu zaidi.

Kiuno, nyonga au paja?

Katika mazungumzo ya kila siku neno "kiuno" hubeba mengi. Mtu husema kiuno kinamuuma akiwa na maana ya sehemu ya chini ya mgongo, makalio, ubavu wa nyonga au hata kinena. Kwa mtaalamu hayo ni maeneo tofauti yenye magonjwa tofauti. Kiungo cha nyonga chenyewe ni mahali ambapo kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga. Kimefunikwa na gegedu laini, kimefungwa na ligamenti imara, na kimezungukwa na misuli mikubwa, kano zinazoishikiza misuli hiyo kwenye mfupa, na vifuko vidogo vya ute vinavyopunguza msuguano.

Maumivu ya kiungo hicho kwa kawaida husikika kinenani. Maumivu ya ubavu wa nyonga, yale yanayomzuia mtu kulalia upande mmoja usiku, mara nyingi hutoka kwenye kano na vifuko vya ute. Yanayoanzia makalioni na kushuka nyuma ya paja hadi chini ya goti huwa yana asili yake kwenye uti wa mgongo. Aidha, ugonjwa wa nyonga unaweza kujificha gotini. Kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamikia goti anastahili kupimwa nyonga pia, kwa kuwa katika umri huo kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake huku maumivu yote yakisikika gotini. Wapo watoto waliopigwa picha za goti mara kadhaa, zote zikatoka safi, kabla mtu hajafikiria kupanda juu kidogo.

Kwa sababu hiyo mgonjwa hapaswi kushangaa daktari anapomlaza, akamkunja na kumzungusha mguu kabla ya kuandika kipimo chochote. Kipimo cha mikono ndicho kinachoamua ni sehemu gani ipigwe picha.

Eksirei, kipimo cha kwanza

Tangu Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mwezi Novemba 1895, kanuni ya kipimo hiki haijabadilika. Mionzi hupenya mwilini, na madini ya kalsiamu yaliyo kwenye mifupa huizuia zaidi kuliko nyama. Palipozuiwa hutokea pakiwa peupe, palipopenywa hutokea pakiwa peusi. Kwa hiyo eksirei huonyesha vizuri mfupa uliovunjika, kiungo kilichoteguka, umbo la kichwa cha mfupa wa paja, na mifupa iliyoota pembezoni mwa kiungo kilichochakaa.

Gegedu halionekani. Kinachoonekana ni nafasi kati ya mfupa na mfupa. Nafasi hiyo ikipungua, msomaji wa picha hutambua kuwa gegedu limelika. Kano, misuli na vifuko vya ute navyo havionekani, isipokuwa vimejaa madini. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na maumivu makali ya nyonga na kuambiwa kuwa eksirei yake haina tatizo. Maneno hayo yana maana kwamba mifupa haina kasoro inayoonekana kwa kipimo hicho, wala hayamaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni.

Ipo hali moja ambayo wananchi wenye wazazi wazee wanapaswa kuifahamu. Mama mzee aliyeteleza bafuni anaweza kuwa amevunjika shingo ya mfupa wa paja bila vipande kuachana, akaweza hata kusimama na kupiga hatua chache, na eksirei ya siku ya kwanza isionyeshe ufa. Maumivu ya kinena yakiendelea, anapaswa kurudishwa hospitalini ili apigwe picha nyingine au kipimo cha juu zaidi. Ufa uliotambuliwa mapema hufungwa kwa skrubu. Ukiachwa mpaka vipande viachane, upasuaji huwa mkubwa zaidi, na kwa mzee kulala kitandani wiki nyingi huleta hatari nyingine za mapafu na damu kuganda.

Maji ya Mlima Meru ndani ya picha

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana madini ya floridi, na maji yanayopita humo huyayeyusha. Mahali pengine duniani floridi hukutana na kalsiamu iliyo ndani ya maji, ikashikamana nayo na kutuama. Maji ya ukanda huu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo floridi hubaki imeyeyuka na kufika kwenye ndoo. Maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha yana mamia ya miligramu za floridi kwa lita moja. Hakuna anayekunywa maji ya Momella, lakini mito, chemchemi na visima vya miteremko ya mlima hutofautiana sana: chemchemi moja inaweza kuwa salama na kisima kilicho umbali mfupi kikazidi kiwango mara kadhaa. Mto ulioipa jina kata ya Maji ya Chai ni miongoni mwa vyanzo vinavyofahamika kwa wingi wa floridi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kuzingatia ugumu wa kupata maji mbadala katika maeneo ya volkano, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye ikashuka hadi 4, na kiwango cha sasa cha taifa ni 1.5. Mtu aliyezaliwa miaka ya 1970 au 1980 na kukulia kwenye miteremko hii anaweza kuwa alikunywa kwa miongo miwili maji yaliyokubalika kwa viwango vya wakati ule, na mifupa yake ikayatunza.

Dalili inayojulikana na wote ni meno yenye rangi ya kahawia. Wenyeji wa Arusha wameizoea kiasi kwamba wakiwa mikoa mingine hutambuliwa kwayo, wakati mwingine kwa utani usiopendeza. Hata hivyo meno hayatoshi kuwa ushahidi. Rangi hiyo huingia meno yanapojengeka utotoni, takriban kabla ya umri wa miaka minane. Mtu aliyehamia Arusha akiwa mtu mzima atabaki na meno meupe hata kama maji anayokunywa yana floridi nyingi kwa miaka 30, ilhali mifupa yake haiponi kwa njia hiyo, kwa kuwa mfupa hujijenga upya maisha yote na kila unapojijenga hupokea floridi iliyo kwenye damu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, athari za mifupa zinaweza kujitokeza maji yanapokuwa na miligramu 3 hadi 6 kwa lita, na ulemavu kwa kawaida huhusishwa na maji yanayozidi miligramu 10, yanayotumiwa kwa miaka mingi.

Mbali na maji, kuna magadi. Magadi ya kulainishia maharage na kande, yanayookotwa au kununuliwa sokoni, yanaweza kuwa na floridi nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa Tindigani, wilayani Hai, si mbali na mpaka wa Mkoa wa Arusha, ulieleza ulemavu wa miguu ya watoto unaotokana na floridi, baadhi wakiwa na matege na wengine magoti yaliyogongana. Kwa hiyo swali la chanzo cha floridi halipaswi kuishia kisimani; linafika jikoni.

Floridi ikizidi kwenye mifupa, eksirei huonyesha mambo matatu. La kwanza ni weupe uliozidi, hasa kwenye uti wa mgongo, mbavu na fupanyonga, huku nyuzi za ndani ya mfupa zikionekana nene. La pili ni ligamenti kugeuka mfupa. Ligamenti zinazotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo kwenda kwenye mfupa wa kukalia, ambazo kwa kawaida hazionekani kabisa, huanza kuonekana kama mikia myeupe. La tatu huonekana mbali na nyonga: utando ulio katikati ya mifupa miwili ya kigasha hujaa madini na kuonyesha kingo zenye miba. Kwa sababu hiyo daktari anayeshuku floridi kwa mgonjwa wa nyonga anaweza kuomba pia eksirei ya mkono, jambo linalowashangaza wagonjwa wengi. Ni kipimo cha gharama ndogo kinachoweza kumwondolea mtu hofu kubwa.

Saratani ya tezi dume iliyofika mifupani huelekea kuwa na sura tofauti. Weupe wake mara nyingi ni wa madoa yasiyolingana, mfupa mmoja umeathirika na wa jirani umesalimika, na ligamenti hazina madini. Tofauti hizo si za kutegemewa peke yake, kwani saratani iliyosambaa sana inaweza kuufanya mfupa wote kuwa mweupe, tena mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Kwa mwanamume mwenye umri mkubwa, jibu sahihi la picha nyeupe ni kuendelea na uchunguzi: kupimwa tezi dume, kipimo cha damu cha PSA, na pale inapolazimu kuchukuliwa kipande kidogo cha tishu. Kusema "ni maji" bila hatua hizo ni kosa sawa na kusema "ni saratani" bila hatua hizo.

Mkanganyiko mwingine hutokea kwenye kipimo cha uzito wa madini ya mifupa, ambacho hospitali kubwa hukitumia kutafuta udhaifu wa mifupa kwa wazee. Mifupa yenye floridi nyingi huonekana mizito, na mtu akasifiwa kuwa na mifupa imara. Ukweli ni kwamba mfupa huo ni mzito na dhaifu kwa wakati mmoja. Mpangilio wake wa ndani umeharibika, na unaweza kuvunjika kwa kishindo kidogo.

Hakuna dawa inayofuta floridi iliyokwisha kuingia mfupani. Kinachowezekana ni kuzuia isiongezeke, na hilo ni kazi ya sekta ya maji kuliko ya hospitali. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, Dkt. Askwar Hilonga alibuni mtambo wa kuchuja maji uliompatia mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliogharimu takriban shilingi bilioni 520 kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umechukua maji kutoka visima vya wilayani Hai ili kuongeza wingi wa maji na kupunguza floridi. Wananchi wakumbuke kuwa kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yanayopungua kwa mvuke huiacha floridi yote ndani ya sufuria.

Pale ambapo eksirei haioni

Tishu laini zinahitaji macho mengine, na kipimo kilicho karibu zaidi na wananchi ni ultrasaundi. Hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, hakina mionzi, na kinapatikana hata katika vituo vingi vya afya ambako akina mama wajawazito wamekizoea. Kwa nyonga, ultrasaundi huonyesha maji yaliyojaa ndani ya kiungo, kano zilizochanika, vifuko vya ute vilivyovimba na majipu yaliyojificha ndani ya misuli.

Kwa mtoto, kipimo hiki kinaweza kuokoa kiungo. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga au kusogezwa mguu anaweza kuwa na usaha ndani ya nyonga. Usaha huo huharibu gegedu katika muda mfupi, na shinikizo lake huzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. Ultrasaundi huonyesha maji, sindano huyavuta, na maabara husema kama ni usaha. Mtoto wa namna hiyo ni wa dharura ya siku hiyohiyo. Kumkanda kwa maji ya moto au kumpeleka kwa mtaalamu wa kunyoosha viungo ni kupoteza saa ambazo hazirudi.

Jipu la ndani ya msuli nalo hudanganya. Msuli mkubwa unaotoka mgongoni kupita mbele ya nyonga ukijaa usaha, mgonjwa hulala amekunja paja na hupiga kelele likinyooshwa, hivyo hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa kiungo. Chanzo kinaweza kuwa bakteria wa kawaida, au kifua kikuu cha uti wa mgongo kilichoshuka taratibu. Kifua kikuu kinaweza pia kuingia kwenye kiungo chenyewe, kikakila kwa miezi bila homa kubwa. Mgonjwa anayechechemea huku akipungua uzito anastahili kuchunguzwa kwa mtazamo huo.

Kwa watoto wachanga, ultrasaundi hutumika kutazama kama kichwa cha mfupa wa paja kimekaa sawasawa ndani ya kikombe chake. Katika miezi ya mwanzo kichwa hicho bado ni gegedu tupu, na eksirei haikioni. Kasoro hiyo huonekana kuwa adimu katika jamii za Kiafrika zinazobeba watoto mgongoni. Watafiti waliofanya kazi Malawi walihusisha uhaba huo na mbeleko, kwa sababu mtoto aliyebebwa hukaa miguu ikiwa imepanuka na kukumbatia mgongo wa mama, mkao uleule ambao madaktari wa nchi nyingine huupata kwa kumfunga mtoto mikanda maalumu. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa akitanguliza makalio, au mwenye ndugu aliyekuwa na tatizo hilo, anapaswa kuchunguzwa.

CT scan na MRI

Ajali za pikipiki zimeifanya CT scan kuwa kipimo muhimu cha nyonga. Abiria au dereva wa bodaboda anapogonga kitu kwa goti, nguvu hupanda kwenye paja na kukisukuma kichwa cha mfupa nje ya kikombe, mara nyingi kikombe chenyewe kikipasuka. Nyonga iliyoteguka inapaswa kurudishwa mahali pake mapema iwezekanavyo, wataalamu wakilenga ndani ya saa 6, kwa kuwa kila saa inayopita huongeza hatari ya kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu. Eksirei hutosha kuonyesha kuteguka. CT scan, inayokata picha vipande vyembamba na kuviunganisha kwa kompyuta, huonyesha vipande vilivyobaki ndani ya kiungo na kumwongoza mpasuaji.

Hadi miaka ya karibuni mgonjwa wa mkoani aliyehitaji kipimo hicho alilazimika kusafiri. Sehemu ya mkopo wa masharti nafuu wa shilingi trilioni 1.3 ambao Serikali iliupata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kukabiliana na athari za UVIKO-19 ilielekezwa kununua CT scan kwa hospitali za rufaa za mikoa pamoja na mashine za eksirei za kidijitali. Mashine, hata hivyo, inahitaji msomaji, na madaktari bingwa wa radiolojia nchini bado ni wachache kuliko mahitaji.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei. Huona kile ambacho vipimo vingine havioni: uboho wa mfupa, gegedu, ukingo wa kikombe, kano na misuli kwa undani. Kwa mwanariadha anayefanya mazoezi kwenye miinuko ya Arusha, maumivu ya kinena yanayozidi kadiri anavyokimbia yanaweza kuwa ufa wa uchovu kwenye shingo ya mfupa wa paja. MRI huuona wiki kadhaa kabla ya eksirei. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa selimundu, au aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au mnywaji mkubwa wa pombe: kichwa cha mfupa wake kinaweza kuanza kufa huku eksirei ikiwa safi, na hatua hiyo ya mwanzo ndiyo pekee ambayo matibabu ya kukinusuru yana nafasi nzuri. Kwa mgonjwa wa floridi ambaye miguu imeanza kufa ganzi au kukosa nguvu, MRI au CT scan ya uti wa mgongo huonyesha kama mifupa iliyoota imebana uti.

Wapo wananchi wanaoamini kuwa kipimo ghali zaidi ndicho bora, wakadai MRI kabla ya kuguswa na daktari. Imani hiyo ina madhara. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za nyonga za watu 45 wasio na maumivu yoyote. Karibu 7 kati ya kila 10 walikutwa na mchaniko kwenye ukingo wa kikombe. Mtu wa namna hiyo akipigwa picha kwa sababu ya maumivu ya mgongo, anaweza kujikuta anapasuliwa nyonga isiyo na hatia. MRI ina masharti pia. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, vipande vya chuma mwilini au vyuma vya upasuaji wa zamani anapaswa kusema kabla ya kuingia chumbani. Kipimo huchukua takriban nusu saa hadi dakika 45, ndani ya mtungi mwembamba wenye kelele, na mgonjwa hatakiwi kutikisika.

Mionzi na usimamizi wake

Eksirei ya fupanyonga humpa mgonjwa takriban milisivati 0.6 za mionzi, kiasi ambacho binadamu wa kawaida duniani hupokea kutoka ardhini, angani na kwenye chakula kwa miezi mitatu hivi. CT scan ya eneo hilo inaweza kufikia mara kumi ya hapo. Hatari kwa mtu mmoja ni ndogo, lakini si sababu ya kurudia picha kwa kuwa ya zamani imesahauliwa nyumbani. Mwanamke aliye mjamzito, au anayeshuku kuwa mjamzito, anapaswa kumjulisha mtaalamu kabla ya kupigwa picha. Ultrasaundi au MRI inaweza kutumika badala yake, na pale ambapo eksirei haiepukiki, uamuzi hufanywa na daktari kwa kupima faida na hatari.

Usimamizi wa mashine hizo uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ambayo ina maabara zake eneo la Njiro jijini Arusha. Tume hutoa leseni kwa vituo vyenye mashine za mionzi, hukagua mashine na kuta za vyumba, na hupima mionzi inayowafikia watumishi kupitia vifaa vidogo wanavyovaa kifuani. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama kituo kina leseni.

Ngazi za rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na baada ya hapo hospitali ya kanda ya KCMC mjini Moshi. Upasuaji mkubwa wa nyonga, ukiwemo wa kubadilisha kiungo, hufanyika pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Katika kila hatua mgonjwa anapaswa kubeba picha zake za zamani, ziwe za filamu au za diski, pamoja na ripoti zake. Picha ya miaka mitano iliyopita ikilinganishwa na ya leo humwonyesha msomaji kasi ya ugonjwa: weupe uliobaki vilevile kwa miaka mitano hauenendi kama saratani.

Fomu ya kuombea picha ina nafasi ndogo ya maelezo ya mgonjwa, na mara nyingi nafasi hiyo huandikwa maneno mawili tu, "maumivu nyonga". Daktari bingwa anayesoma picha, ambaye huenda yuko hospitali nyingine na hatamwona mgonjwa kamwe, hana kingine cha kumwongoza. Mgonjwa anaweza kumwomba anayeijaza aongeze mstari mmoja: mkazi wa Maji ya Chai tangu kuzaliwa, hutumia maji ya mto, hupika kwa magadi.